Mwaka Nilioomba Kukatwa Jina Madukani

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na kama ulikuwa na haraka ya kwenda kumlipa mtu leo, subiri kidogo, kwa maana ninachotaka kukueleza kinamhusu huyo huyo unayekwenda kumlipa. Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Ngara kwenda Biharamulo, kwenye arobaini ya Bi Mwanahawa. Huyu ndiye mama aliyekuwa akinipa vitenge kwa mali kauli wakati sijafika bado miaka thelathini, na nilikuwa nimepanga chumba uani kwake. Mali kauli, kwa asiyeijua, ni kupewa bidhaa kwa neno tu: unachukua, unauza, unarudisha fedha ya mwenye mali, unabaki na faida yako. Nilifika kabla kisomo hakijaanza, nikaketi na wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa pilau. Saada, binti wa marehemu, aliponiona akawaambia wenzake, “Huyu ndiye Resti. Ndiye aliyetuaga mji mzima halafu asiende popote.” Wakacheka, kicheko kile cha msibani kinachotoka kwa woga. Msichana mmoja anayeitwa Neema, muuza viatu sokoni, akauliza maana yake. Saada akasema, “Muulize mwenyewe. Mimi nikieleza nitaongeza chumvi.” Basi nikamweleza Neema, mikono yangu ikiwa ndani ya ungo, na ndiyo ninayokueleza wewe sasa, pamoja na mengine ambayo pale sikuyasema.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, kimeshikana na jiko. Ukuta wake haukufika kwenye bati, kwa hiyo vyote vilivyopikwa na vyote vilivyosemwa upande wa pili vilinifikia. Siku ya Ijumaa ilinifikia harufu ya wali wa nazi. Nazi zililetwa na basi kutoka mbali, zikawa ghali, na Bi Mwanahawa alikuna nusu tu, nusu ya pili akaifunika bakuli kama mtu anayemfunika mtoto. Upande wangu palichemka ndizi na maharage. Bi Hadija, wifi yake, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu, alipenda kusimama mlangoni kwangu na kuchungulia sufuria. “Resti, leo tena ndizi?” Namjibu, “Ndiyo, mama.” “Na kesho?” “Kesho nitazigeuza upande wa pili.” Alicheka, kisha akahamia kwenye matamshi yangu, kwa sababu mimi nilitoka Mugoma, Kihangaza changu kilikuwa bado kibichi, na nikichoka nilisema nakwenda kurara. “Nenda ukarare,” aliniambia, “sisi huku tutalala.” Sikukasirika. Jioni, baada ya sala ya magharibi, wale wawili waliketi kwenye mkeka na kuongea biashara: nani analipa kwa wakati, nani anasifia mali ili akopeshwe, rangi gani inatoka haraka Nyakahura na haitoki hapa mjini, chini ya Boma. Nusu ya ninayoyajua kuhusu kuuza nguo niliyapata juu ya ukuta ule. Kulikuwa na sharti moja ambalo halikuandikwa popote: mpangaji anasikia, lakini hajasikia. Ukitoka nje na kujibu jambo lililosemwa upande wa pili, umevunja heshima ya nyumba.

Mwaka wenyewe ulianza vibaya. Nilikuwa nimechukua marobota mawili ya vitenge, sehemu nikaiweka kwenye fremu yangu ndogo ya duka sokoni, sehemu kubwa nikaipeleka kwenye magulio ya Mbuba na Mugoma. Kule nikawapa wakulima kwa ahadi kwamba wangelipa wakivuna maharage. Nilikuwa nawafahamu, walikuwa watu tuliokuwa tukisali nao parokia moja, na hakuna aliyekusudia kunidhulumu. Mvua ikakatika maharage yakiwa katika maua. Utamdai nini mtu ambaye shamba lake unaliona? Nikarudi Biharamulo na ahadi za msimu wa pili, na deni la Bi Mwanahawa likabaki palepale. Kilichokuwa hatarini, niseme wazi, ni fremu ile. Angetaka mali yake kabla ya msimu wa pili, ningefunga biashara, na wale wakulima wangekuwa wanadaiwa na mtu asiye na duka. Anayedai bila duka kwetu huchekwa tu.

Sasa nikueleze kuhusu milango mingine. Mbali na deni hilo moja kubwa, nilikuwa na sehemu kadhaa ambako ningeweza kukopa wakati wowote. Kwa Mzee Twaha, muuza vyakula, jina langu lilikuwa kwenye daftari lake. Kwa Masanja, muuza mbao na misumari, niliwahi kuchukua mbao za rafu. Kulikuwa na duka la dawa. Halafu kulikuwa na simu, kwa sababu mwaka ule ndio mikopo ya simu ilianza kuingia vijijini, nami nilikuwa nimesajili laini mbili za ziada kwa sababu moja tu, kwamba zilikopesha. Kote huko sikuwa nadaiwa kitu cha maana. Mtu angeweza kusema milango hiyo haina madhara, imekaa wazi tu. Lakini mlango uliokaa wazi humwita aliyebanwa. Miezi michache nyuma, Bi Mwanahawa aliponiuliza kwa upole kuhusu fedha yake, nilikwenda kwa Mzee Twaha, nikachukua mfuko wa sukari kwa mkopo, nikauuza haraka kwa bei ya chini, nikampelekea Bi Mwanahawa fedha taslimu. Alinishukuru. Kisha nikatumia wiki nyingi kumlipa Twaha sukari ambayo sikuonja hata kijiko. Siku nilipomaliza, niliketi kwenye kigoda changu nikaona jambo lilivyo: deni lilikuwa limehama duka tu, na njiani likanenepa. Nikaamua kwamba hadi nimalize marobota yale mawili sitaki kuwa na mahali pengine pa kukimbilia. Uamuzi ulikuwa sahihi, na hata leo ningeurudia. Kilichokosewa ni njia.

Unajua desturi yetu. Kwenye duka la mkopo mtu halipi hadi shilingi ya mwisho. Analipa, halafu anaacha kidogo, bei ya chumvi, na mwenye duka hamuulizi. Hicho kidogo ndicho kinachosema kwamba utarudi. Anayelipa mpaka chumvi ni anayehama: mwalimu aliyepata uhamisho, au majirani zetu waliojiandaa kurudi kwao ng'ambo ya mpaka, waliopita duka kwa duka wakisafisha majina yao, na watu wakatoka nje kuwapa mikono. Desturi hii nilikuwa naijua kama njia ya kwenda kisimani, na ndiyo maana sikuifikiria. Mtu hafikirii njia anayoipita kila siku.

Nilianza kwa Mzee Twaha, asubuhi ya gulio. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba. Sukari?” “Hapana. Nimeleta ile ya chumvi. Naomba unikate jina.” Aliinua macho kutoka kwenye mizani. “Tumekukosea nini?” “Hamjanikosea.” “Unaolewa?” “Hapana, mzee.” “Basi umepata kazi serikalini na hutaki kutuambia.” Nikacheka, nikadhani ni utani. Akachukua fedha, akasema ataikata jioni akiwa na nafasi, kisha akanipa mkono kwa heshima ambayo haikulingana na bei ya chumvi. Kwa Masanja ilikuwa fupi zaidi. “Haya dada, safari njema.” “Siendi popote.” “Ndivyo wanavyosema wote,” akajibu, akarudi kwenye misumari yake. Wakala wa simu alinisaidia kufunga zile laini mbili, akaniuliza kama nitakuwa na namba nyingine huko niendako. Nilitembea kurudi kwenye fremu nikijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mtungi.

Jioni ile nilikuwa nimeshika kifuniko cha sufuria niliposikia Bi Hadija upande wa pili. “Wifi, mpangaji wako anaaga.”

“Nani kasema?”

“Twaha. Kalipa mpaka chumvi. Na kwa Masanja vilevile. Laini za simu nazo kafunga, hata ukimpigia hutampata.”

“Kwangu hajaaga.”

“Ndiyo nakwambia. Anaaga wadogo. Mkubwa ataamka asubuhi akute kufuli.”

Nilingoja Bi Mwanahawa aseme neno la kunitetea. Nikasikia kijiko kikigonga bakuli, mara moja, kisha kikawekwa chini. “Marobota mawili,” alisema.

“Basi yahesabu ungali unayaona,” Bi Hadija akamjibu.

Ungeniuliza kwa nini sikutoka nje palepale, nikajieleza. Neema naye aliniuliza hivyo. Ni lile sharti la ukuta. Nilikaa na kifuniko changu mkononi, ndizi zikaungua kidogo chini, nikazila hivyohivyo. Nikajiambia kwamba alfajiri nitamwahi mlangoni kwake. Lakini mfanyabiashara wa miaka mingi hawahiwi. Nilipotoka chumbani alikuwa ameshaondoka, na nilipofika sokoni nilimkuta mbele ya fremu yangu, buibui limetulia, na kando yake mwanamume mwenye toroli.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Fungua.”

“Mama, naomba nikueleze.”

“Fungua kwanza. Tutaongea nikiwa naiona mali yangu.”

Nikafungua. Akaingia, akapitisha kiganja juu ya vitenge, rafu kwa rafu. Mwenye toroli akaegemea mlango, akauliza, “Napakia au napumzika? Maana kupumzika nako ninalipwa.” Kisha akaketi kwenye toroli lake.

“Siondoki,” nikasema.

“Anayebaki hafungi milango.”

“Nimefunga ile ninayoweza kuitumia kukudanganya.” Akageuka. Nikamweleza habari ya sukari, yote, kuanzia mfuko nilioubeba hadi bei niliyouuzia. “Fedha ile uliyonishukuria, mama, ilikuwa ya Mzee Twaha. Milango ikibaki wazi nitakulipa tena kwa namna ileile, utafurahi, na mimi nitazidi kuzama. Nataka nibaki na wewe peke yako.”

Akauliza lile swali ambalo mpaka leo naona ndilo moyo wa jambo lote. “Kwa nini hukuanza kwangu?”

“Kwao nilikuwa na cha kulipa. Kwako ningekuja mikono mitupu. Niliona aibu.”

“Mwanangu, marobota haya nilikupa kwa neno. Ulishindwaje kuniletea neno?”

Nikamwambia mpango wangu: msimu wa pili unakaribia, nitakwenda mwenyewe kwenye magulio, asiye na fedha nitapokea maharage yake, na kila ninachopata kitafika uani kwake kabla sijanunua hata sabuni ya ziada. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mnunuzi, macho yakiwa kwenye bidhaa. Halafu akaanza kuvuta vitenge. Nikadhani fremu ndiyo imekwisha. Lakini nilipotazama vizuri niliona anavuta vile vya rangi nzito vilivyokuwa vimekaa tangu mwanzo wa mwaka. “Hivi hapa vinakula vumbi,” alisema. “Nitavipeleka Nyakahura, na nitavitoa kwenye deni lako. Vya maua vibaki. Vinavyotoka ndivyo vitakavyonilipa.” Akamwita mwenye toroli, ambaye alionekana kusikitika kidogo kwamba mapumziko yameisha.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaniambia nifunge fremu, nimfuate. Tukaenda hadi kwa Mzee Twaha, akasimama mbele ya mizani. “Twaha, huyu haondoki.”

“Nami nilishamwombea safari njema.”

“Irudishe dua yako, kuna mwingine ataihitaji. Jina lake umelikata?”

“Bado, nilisema jioni.”

“Likate sasa, tukiwa tunaona. Na akija na hela mkononi, umuuzie kama zamani.” Mzee Twaha akafungua daftari, akatafuta kalamu, akapiga mstari. Tulifanya hivyo pia kwa Masanja, ambaye alinitazama akasema, “Kumbe ulisema kweli,” akaonekana kana kwamba hilo ndilo lililomshangaza. Nilitaka tuendelee hadi duka la dawa, maana nilikuwa nimeshika kasi. Bi Mwanahawa akanishika mkono. “Hilo liache.”

“Nalo ni mkopo, mama.”

“Limewahi kukuvuta?”

Nikafikiri. Halikuwahi. Nilichukua dawa nilipougua, nikalipa. Lilikuwa duka la kwanza kuniamini nilipofika Biharamulo nikiwa sina ninayemjua. “Basi liache,” akasema. “Homa haisubiri mavuno.” Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza afunge upi na aache upi, huwa sisemi funga yote. Namuuliza swali lile la Bi Mwanahawa: upi unakuvuta? Ule unaokuvuta ukiwa umebanwa, huo ufunge hata kama leo hudaiwi kitu. Ule wa zamani, ambao mwenyewe anakujua na wewe hujawahi kuukimbilia kwa ujanja, ulinde.

Niliposema hayo pale arobaini, Neema akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye alishafunga laini yake ya mkopo. Nikamuuliza alifungaje. “Niliivunja, nikaitupa chooni.” Wanawake wakacheka sana, mmoja akasema basi wadai wazame huko wakaitafute. Mimi sikucheka. Nilimweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe, kwamba kuvunja laini ni kama kukimbia kupitia dirishani. Aliyekudai bado yuko mlangoni, anaongeza. Mkopo wa simu hulipwa kwanza hadi uishe, ndipo unaomba ufungwe, na unaonyeshwa kwamba umefungwa. Akauliza kama anaweza kuirudisha namba ileile. Nikamwambia inawezekana, aende kwa wakala na kitambulisho chake. Niliona mabega yake yakishuka. Nadhani alikuwa ameibeba laini ile kwa muda mrefu kuliko alipokuwa nayo kwenye simu.

Msimu wa pili maharage yalikubali. Nilishinda kwenye magulio ya Mbuba na Mugoma, na asubuhi wanawake walinisalimu kwa bwakeye kabla hata sijafunua vitenge, wakaniletea maharage kwenye vikapu. Hata mdaiwa aliyekuwa ananikwepa alikuja mwenyewe aliposikia napokea mazao. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliniambia, “Tulisikia umehama.” Nikamwambia, “Nilisikia hivyo pia.” Akacheka, akanipimia na nyongeza. Fedha iliingia kidogo kidogo, na kwa kuwa haikuwa na pa kupotelea, ilifika yote uani. Hilo nililiona kwa macho yangu: deni moja linapobaki peke yake, linaonekana mwisho wake. Yakiwa matano, kila moja linajificha nyuma ya jingine.

Siku ya kumaliza ilikuwa Ijumaa. Bi Mwanahawa alikuwa jikoni anakuna nazi, Bi Hadija anachambua mchele, nami nikaweka fedha kwenye kona ya mkeka. Bi Mwanahawa akafuta mikono, akahesabu, kisha akachukua noti ndogo ya juu akanirudishia. “Hii utaleta siku nyingine.” Nilielewa. Ilikuwa ile ya chumvi. Alikuwa ananiambia kwa adabu ya kwao na ya kwetu kwamba hataki niondoke. Nikaitazama noti ile, nikairudisha mkekani.

“Mama, hii nayo ipokee.”

Bi Hadija akaacha ungo. “Ala. Sasa mtu huyu tutamshika kwa kitu gani?”

Bi Mwanahawa akaichukua, akaiweka pamoja na nyingine. Mimi nikaogopa kwamba nimekata kitu ambacho si deni. Halafu akasema, bila kunitazama, “Leo usipike ndizi. Utakula hapa.” Bi Hadija akasogea mkekani kunipa nafasi, akanong'ona kwamba wali huu haugeuzwi upande wa pili. Niliendelea kukaa katika chumba kile miaka mingine, nikachukua mali kwake mara nyingi, nikalipa, na kila nilipomaliza tulikula. Nilipokuja kurudi Ngara na kufungua duka langu mwenyewe, hakuna aliyekuwa anamdai mwenzake hata bei ya kiberiti, na bado tulitembeleana hadi mwaka huu alipofariki. Watu wakisema udugu unahitaji salio kidogo, nawakumbuka wale wanawake wawili kwenye mkeka, nami ninalijua jibu.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza hadi hapa, fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kwanza kwa yule anayekudai kuliko wote, hata kama huna cha kumpa, umwambie kwa mdomo wako kwamba unabaki na kwamba unafunga mikopo mingine ili umlipe yeye. Kisha uende kwenye ile inayokuvuta, ulipe hadi chumvi, na usiondoke mpaka uone jina lako likikatwa.